Bastola Niliyoikabidhi kwa Mikono Miwili

Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mbukwenyi, kwa salamu yetu ya Kigogo, nyote hapo nyumbani Mlali, wakubwa kwa wadogo. Macho yanaendeleaje? Tabitha aliniambia daktari wa mjini amesema mtoto wa jicho kwenye jicho la kulia asubiriwe kwanza akomae ndipo lifanyiwe upasuaji. Nikacheka peke yangu, maana nilidhani kinachokomaa ni mahindi tu. Na mvua je? Kila asubuhi natazama kwenye simu picha za mawingu ya Kongwa, ila simu haijui kuniambia kama yamenyesha kwenye shamba lako au yamelivuka yakaenda kunyesha Gairo, kama yalivyozoea kutufanyia. Alizeti mmeshapanda au bado mnatazama juu?

Tabitha, mdogo wangu, najua barua hii unaisoma wewe kwa sauti. Nimekutumia kwenye simu, ukaichapishe hapo steshenari ya Area D, Dodoma, kisha uipeleke nyumbani mwenyewe kwa mkono wako. Nakuomba kitu kimoja tu: isome yote. Nakufahamu vizuri. Ukifika mahali panapouma unaruka, halafu unasema, "Hapa anasalimia tu." Leo usiruke hata mstari. Na Mama najua yuko hapo karibu na jiko anapepeta uwele na kujifanya hasikilizi. Mama, shikamoo. Acha ungo, sogea.

Mtajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu zipo. Baba, simu yako ukiipokea unaiweka sauti kubwa, na kabla sijamaliza salamu nasikia watu watatu wananiitikia. Na nikiirekodi sauti, itasikilizwa mpaka dukani. Jambo hili si la dukani.

Sisi ni wazima wa mwili. Neema anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, wanampenda mno, kuna bibi mmoja hakubali kula mpaka alishwe na yeye. Nyemo ametimiza miaka saba, ameota meno mapya mawili makubwa, ukimwona utasema ni Tabitha alipokuwa mdogo. Mimi bado nasambaza mikate madukani na lile gari la kampuni. Au niseme nilikuwa nasambaza, maana kwa sasa nimesimamishwa.

Nina kesi, Baba. Kesi ya bastola.

Tabitha, endelea kusoma, usimtazame Baba usoni.

Sijamuua mtu, sijamjeruhi mtu, sijamwibia mtu. Lakini nimeshtakiwa mambo mawili: kubeba bastola katika jimbo ambalo sina kibali chake, na kumtishia askari polisi kwa bastola hiyo. Nikikutwa na hatia, hasa hilo la pili, naweza kufungwa, na baada ya kifungo nikanyang'anywa kadi ya ukaazi, nikarudishwa nyumbani na kuambiwa nisikanyage tena huku. Neema na Nyemo watabaki huku. Mahakama imetupa wiki sita za kujiandaa, na moja imeshapita nikitafuta namna ya kuianza barua hii.

Mama, najua umeshasema, "Si arudi tu, kwani kwao hakuna ugali?" Upo Mama, na mlenda upo, na mimi nauota. Lakini si kurudi kwa namna hiyo. Nyemo amezaliwa huku, shule yake iko huku, Neema ndiyo kwanza anaanza kuheshimika kazini. Nikirudishwa, nitakuwa baba wa kwenye kioo cha simu, wa kuulizwa umekula nini. Naogopa sana. Tangu siku ile kila gari likipunguza mwendo nje ya nyumba, nazima taa nikachungulia dirishani.

Sasa nieleze ilivyokuwa, na nianze na lile la aibu kwanza, kwamba nilikuwa na bastola.

Niliinunua mwaka jana. Sikukuambia, kwa sababu najua ungesema nini. Mwenzangu mmoja wa kazini aliporwa alfajiri akishusha mikate nyuma ya duka, akapigwa na kitako cha bunduki mpaka taya likavunjika, na lile duka liko kwenye njia yangu. Nikaenda kwenye mafunzo siku mbili, nikalenga shabaha, nikachukuliwa alama za vidole, nikapewa kibali chenye picha yangu. Katika jimbo letu ni halali kabisa, mtu hata hakushangai. Neema hakupenda. Alisema, "Baba Nyemo, hicho kitu kikiingia ndani mwangu, mimi sikijui." Nikamwambia kitakaa garini. Kweli hakikuwahi kuingia ndani, na mimi nikajiona nimemaliza tatizo.

Sasa kosa langu. Wewe, Baba, utalielewa kuliko hakimu. Huku nchi moja ina majimbo mengi, na mimi kwa miaka yote hii, kichwani mwangu, jimbo lilikuwa mkoa tu. Ukitoka Kongwa na leseni yako ya pikipiki ukavuka kwenda Gairo, umeingia Morogoro, na hakuna mtu anayekuambia leseni yako imeishia pale kwenye kibao. Nchi moja, sheria moja. Nilikulia mpakani, nimevuka ule mpaka mara elfu na magunia ya mahindi juu ya kichwa, sikuwahi kuusikia kwenye nyayo. Nikachukua akili ile ile nikaja nayo huku.

Nilimuuliza pia Kassimu. Kassimu unamkumbuka, yule kijana wa Busi kule Kondoa, Mrangi, tuliyekuwa naye chuo pale Dodoma, ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege. Nilimuuliza tulipokuwa tunajiandaa kwenda kwenye msiba. Mama mmoja wa kwetu Kongwa alifariki jimbo la jirani, mwendo wa saa nne kwa gari, na sisi Watanzania wa huku msiba hatukosi, hata kama marehemu tulimwona mara moja harusini. Nikamwambia Kassimu, "Hii yangu ya garini, nikivuka nayo hakuna neno?" Akacheka. "Bwana wee, kibali si unacho? Leseni ya gari unavuka nayo, kibali nacho ni hivyo hivyo. Acha woga." Nami nikaacha woga.

Simlaumu. Yeye naye amekulia Kondoa, kichwa chake ni kama changu.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, jua linawaka. Neema amevaa khanga za msiba, Nyemo yuko nyuma amefungwa mkanda, anaimba nyimbo za shuleni. Kwenye miguu ya Neema kuna sufuria la pilau limefungwa kwa taulo. Tulikuwa tumevuka mpaka kama nusu saa hivi. Kibao tulikiona, kimeandikwa karibuni, na Nyemo akakisoma kwa sauti kubwa. Halafu nikaona taa za polisi nyuma yangu.

Nilisimama vizuri pembeni. Baadaye nilijua ni taa yangu moja ya breki iliyokuwa haiwaki, basi, hilo tu. Askari akaja, kijana, mwekundu usoni kwa jua, akasalimia vizuri, akaniomba leseni. Nikampa. Hapo ningenyamaza au ningeeleza tu kwa mdomo, leo ningekuwa nakuandikia habari za mvua.

Lakini Baba, kwenye mafunzo tulifundishwa kwamba ukisimamishwa na polisi huku una silaha, mwambie. Nikamwambia kwa Kiingereza, "Afande, nina bastola humu ndani, na kibali chake ninacho." Nilisema kwa fahari kidogo, nikiri hivyo. Nilitaka aone nimelelewa. Na mafunzo yalisema pia kwamba baada ya kusema, mikono ibaki juu ya usukani, usiguse chochote mpaka uambiwe. Hilo nililisikia. Niliwahi hata kulijibu kwenye mtihani na nikapata.

Ila mtihani ulikuwa karatasini, na siku ile mbele yangu alisimama mtu wa serikali, na mimi nimeingia katika eneo lake na kitu cha kuua. Mkono wangu ukaenda kwenye kisanduku cha dashibodi. Nikaitoa. Nikaigeuza, mtutu ukanielekea mimi kifuani, nikaiweka juu ya viganja vyangu viwili, nikamnyooshea kitako, na nikainamisha kichwa.

Baba, nilifanya kama ulivyofanya wewe.

Najua umekumbuka. Ni lile gobore. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani nasubiri matokeo, tangazo likaja kwamba mwenye silaha asiyo na leseni aisalimishe kwa hiari na hatashtakiwa. Ukalishusha darini lile gobore la kufukuzia nguruwe pori, ukalifunga kwenye kitenge cha Mama, tukatembea mimi na wewe mpaka ofisi ya kata. Ukiwa mlangoni ukavua kofia, ukalifungua, ukaligeuza mdomo ukutazame wewe tumboni, ukalilaza juu ya mikono yako miwili, ukainama, ukasema, "Hodi, wenyewe." Yule askari mnene akasema, "Mzee, umetuletea mtoto abatizwe?" Wote wakaangua kicheko. Wewe hukucheka. Ulisimama vile vile mpaka akasimama naye, akanyamaza, akalipokea kwa mikono miwili.

Njiani kurudi ulinieleza kwamba mgeni akifika kwa mtu na mkuki au upinde humkabidhi mwenyeji mwenyewe, na kwamba kitu cha kuua unapompa mtu, mdomo wake uutazamishe kwako, ili yeye asiwe na hofu. Nilikuwa na njaa na miguu inaniuma, sikujua kama nakusikiliza.

Yule askari wa huku hakuona mgeni. Aliona mtu mweusi ameshika bastola. Aliruka nyuma, akachomoa ya kwake, akapiga kelele ambazo sikuzielewa hata neno. Neema ndiye aliyeelewa. Akaniambia, "Baba Nyemo, iache! Iache ianguke!" Nikaiacha, ikaangukia miguuni pangu, Mungu akasaidia haikulia. Nikainua mikono. Neema akainua yake. Nikatazama kwenye kioo, nikamwona mwanangu kule nyuma ameinua mikono yake midogo juu kabisa, mpaka mabega yamegusa masikio, na macho ameyafumba.

Nilitolewa garini, nikalazwa chini kwenye lami, nikafungwa pingu. Yule kijana alikuwa na hofu kuliko mimi. Naikumbuka mikono yake, ilishindwa kufunga pingu mara mbili. Sikumchukia, Baba. Nilikuwa nafikiria kitu kimoja tu, kwamba Nyemo bado ameinua mikono na hakuna mtu aliyemwambia aishushe.

Nilikaa mahabusu siku mbili, kisha nikatoka kwa dhamana. Neema na mtoto walikaa kituoni na sufuria lao la pilau mpaka Kassimu, aliyekuwa ametangulia na gari lake, alipokuja kuwachukua, aliacha msiba akaendesha mwenyewe. Tangu siku hiyo Kassimu anakuja kila jioni, anakaa kwenye kiti kile kile. Juzi alisema, "Ningekuambia sijui, Mathayo. Neno 'sijui' lingenigharimu nini?" Nikamwambia anywe chai.

Sasa ndiyo nimezijua sheria, baada ya kuvunja. Wakili wangu, mama mmoja mwenye miwani anayeongea kwa kasi kama mnadani Kibaigwa, ametundika ramani ya nchi hii ukutani, imepakwa rangi rangi. Kuna majimbo yanayotambua kibali cha wenzao, kuna yanayotambua cha huyu yasitambue cha yule, kuna yasiyotambua cha mtu yeyote. Jimbo letu linatambua kibali cha wale tuliowatembelea. Wao hawatambui cha kwetu. Nikamwambia wakili, hao ni kama jirani anayekuja kula kwako kila siku na kwake anafunga mlango. Hakucheka, aliandika.

Anasema kama ningeitoa risasi zote, nikaifungia bastola kwenye boksi lenye kufuli, nikaiweka kwenye buti mbali na mkono wangu, na risasi mahali pengine, pengine ningeweza kupita jimboni mwao bila kesi, ilimradi niwe napita tu kwenda kwingine ninakoruhusiwa. Lakini mimi sikuwa napita, nilikuwa naenda kukaa msibani. Hata kutangaza kuwa unayo kunatofautiana. Kuna jimbo unatakiwa useme wewe kabla hujaulizwa, kuna jimbo unasubiri uulizwe. Na kote, Baba, kote bila jimbo hata moja kutoka nje, huruhusiwi kuigusa mbele ya askari mpaka akuambie. Nilimuuliza wakili, mtu anajuaje yote hayo. Akasema, "Kabla ya kuvuka unauliza, na humuulizi rafiki yako."

Hilo shtaka la kwanza anasema linazungumzika, nilikuwa sijui, sina rekodi mbaya, huenda likaishia kwa onyo na kunyang'anywa bastola. Waichukue tu. Hilo la kumtishia askari ndilo litakalonirudisha. Mashtaka yameandikwa kwamba nilichomoa silaha ghafla na kumnyooshea. Video ya polisi ipo, lakini inaonyesha bega langu na mkono unaokwenda kwenye kisanduku, haionyeshi viganja.

Wakili akaniuliza, "Kwa nini uliitoa?" Nikamweleza. Nikamwonyesha kwa kalamu yake, nikaiweka juu ya mikono miwili, nikainama. Akaacha kuandika.

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Baba yangu."

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Anaweza kuyasema haya mwenyewe?"

Nikamwambia nitakuuliza wewe kwanza, Baba, na ndiyo sababu ya barua hii.

Anataka maelezo yako ya maandishi. Useme kwa maneno yako mwenyewe mgeni anakabidhije silaha hapo kwetu, na useme ile siku ya ofisi ya kata, ulilishika vipi gobore, na kwamba mimi nilikuwepo nikaona. Tabitha aandike, uweke dole gumba au sahihi, mtendaji wa kijiji agonge muhuri. Tafsiri tutatafuta huku. Kama yule askari mnene bado yu hai, na kama anakumbuka ule utani wake wa ubatizo, naye aandike mistari miwili.

Najua ninachokuomba. Wewe ni mzee wa kanisa. Ukiacha sisi wa nyumbani na wale wa ofisi ya kata, hakuna mtu hapo Mlali anayejua kwamba darini kwenu kulikuwa na gobore lisilo na leseni miaka yote ile, na wewe hujawahi kulizungumza tena, hata na mimi. Sasa nataka ulizungumze mbele ya mtendaji, na mtendaji ana mdomo, tunamjua. Serikali ilishakusamehe, halina kesi tena. Lakini aibu najua haina msamaha wa tangazo. Kama utaona ni zito, Baba, niambie, nitaelewa. Nasema nitaelewa, ila sitaki kukudanganya: sina kitu kingine cha kupeleka mahakamani.

Na usiandike kitu kisichokuwa kweli ili uniokoe. Wakili amelisisitiza hilo, na mimi ningelisema hata asingelisema. Kama hukumbuki mdomo ulielekea wapi, sema hukumbuki.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo linaloninyima usingizi kuliko hakimu. Naogopa utaketi hapo na kusema, "Mimi ndiye niliyemponza mtoto." Usiseme hivyo. Tabitha, hapa soma polepole. Baba, ulinifundisha kitu kizuri kwa watu wanaokijua. Mimi ndiye niliyekipeleka mahali wasipokijua bila kuuliza, na mimi ndiye niliyenunua kile kitu nikakuficha. Neema aliniuliza wiki iliyopita, "Hivi ulitaka kumpa kwa heshima, au ulitaka akuone una heshima?" Nimelifikiria swali hilo kila siku. Nadhani ni yote mawili. Wewe mlangoni kwa kata hukuwa unataka kuonekana. Hapo ndipo tunapotofautiana, na wakili hatalijua hilo, nakuambia wewe tu.

Mama, usilie. Kama unalia, lia kidogo halafu umpikie Tabitha chai, amesoma sana.

Msalimieni kaka mkubwa, shemeji na watoto wao, mwambieni kaka asilizungumze hili kilabuni. Msalimieni mama mdogo anayeuza karanga stendi, na babu mzaa mama kama bado anatambua majina. Mchungaji mpeni salamu, na akiuliza habari zangu mwambieni aniombee, Mungu anajua jambo lenyewe. Wewe Tabitha salimia ofisini kwenu, na ile siku uliponiambia kwa simu, "Kaka, sauti yako haiko sawa, kuna kitu siriasi," nikakukatalia, nisamehe. Ulikuwa sahihi, usijivune.

Neema anawaamkia nyote, amesema Mama asisahau dawa za presha. Nami nasubiri neno lako, Baba, liwe ndiyo au hapana.

Ni mimi mwanao wa pili,
Mathayo

Nyongeza. Tabitha, hii nayo isome, usiseme barua imeisha.

Jumatano nilikuwa nyumbani na Nyemo, kazi sina, nikampikia uji. Tangu alipoanza kutembea tumemfundisha kupokea kwa mikono miwili, na kila akipokea namwambia, "Babu yako angefurahi." Basi nikamletea kikombe mezani, nimekishika kwa mikono miwili, nikainama kidogo nikimpa. Akatazama mikono yangu. Akaweka penseli chini taratibu, akainua mikono yake juu, mpaka masikioni. Hakulia. Alisema, "Baba, sijashika kitu."

Nilikiweka kikombe mezani nikatoka nje.

Kwa hiyo, Baba, ukishamaliza ya mahakama, au hata kama hutayaandika, naomba umpigie Nyemo simu. Umweleze wewe mwenyewe, kwa Kiswahili cha polepole, mikono miwili ni ya nini. Mimi nikimweleza, ananitazama mikono.